Jogoo Mupole wa Mama Mukwe

Hapana, hakudonoa mutu. Hata mutoto wangu wa kutambaa, yenye alikuwa anamukamata mukia na kumuvuta kama kamba ya mbuzi, hakumudonoa. Muniache kwanza nieleze vile tulimupata, maneno ingine mutauliza kisha.

Jogoo ya mbele tulimukula. Alikuwa mukali kama polisi ya kodi. Alirukia binti yangu sababu ya gunzi ya muhindi yenye alikuwa nayo mu mukono, akamupasua hapa, chini ya jicho. Kidogo tu juu, na leo angekuwa mama wa jicho moja. Bwana yangu hakukuwa nyumbani, alikuwa ku machimbo kule Walikale. Basi miye mwenyewe nilikamata kisu.

Lakini kwetu ku milima, lupango, ni kusema boma ya nyumba, bila jogoo bantu banaiita lupango ya mujane. Na kwetu kulikuwa kilio tayari. Mutoto wangu wa kwanza alikufa na surua. Toka aliacha ziwa alikuwa analala na mama mukwe, pembeni ya moto, mugongo ku mugongo. Tulimuzika nyuma ya jikoni, mu migomba. Na toka ile siku, mama mukwe hakula. Napika maharagi, anaiangalia. Napika viazi, anaiangalia. Mifupa ya mabega ikaanza kutokea. Jirani yangu, yenye kusema chini chini hata wakati wa kuomba chumvi, akaniambia: “Weye, dada… utazika wa pili.”

Asubuhi moja mama mukwe akasimama. Alikuwa na sauti ya kukwaruza, kama mutu anasugua chungu yenye iliungua: “Twende ku soko, tutafute jogoo. Lakini mupole! Hawa batoto bawili benye balibaki, yenye atabagusa tena, nitamumeza na manyoya yake.”

Nilicheka mupaka machozi. Ilikuwa mara ya kwanza nisikie anasema kumeza kitu.

Ku soko ya Burungu tulikuta mama moja wa Pinga, kitunga ya kuku ku mugongo, kamba ku paji. Ule alikuwa anasema mu pua, mbio mbio: “Mama, angalia huyu! Kifua! Makucha! Huyu anafukuza hata imbwa!”

“Hatutafute askari,” mama mukwe akamujibu. “Tunatafuta mulezi.”

Akamukamata wa kwanza miguu, kichwa chini. Ule akapigapiga mabawa, hakuchoka. “Rudisha.” Wa pili akanyamaza, lakini jicho ilikuwa inafuata mukono. “Huyu ananyamaza kama mwizi. Rudisha.” Wa tatu, mama mukwe akamutupia mutama mbele ya kuku bake. Akakula peke yake na kufukuza babibi bake. Mama mukwe akaniangalia: “Mabwana kama huyu biko hata kati ya bantu.”

Wa mwisho alikuwa mwembamba, mwekundu wa kuchujuka, kilemba kimelala pembeni. Akatupiwa mutama. Akaikamata na mudomo, akaiachilia chini, akaita, ku-ku-ku, akangojea mupaka kuku bote bakule. Mama mukwe akaniambia nishushe mutoto wa kutambaa ku mugongo, nimuweke chini pembeni yake. Nikamuweka. Mutoto akanyoosha mukono. Jogoo akainua muguu, akatafuta fasi ingine ya kukanyaga, pole pole, kama mutu anapita kati ya bagonjwa.

“Huyu?” mama wa Pinga akashangaa. “Mama, nisikudanganye. Huyu hata kuwika, anawika na haya.”

“Ndiyo, njo huyu.”

Sasa, kwetu, kuku mupya hauachilie tu hivi. Unamuzungusha moto ya jikoni, unamufunga muguu ku nguzo mupaka asahau kwenye alitoka, na unamuonyesha bantu ba nyumba, moja moja, ajue ba kwake. Mama mukwe akamubeba mu mikono. “Huyu njo mama ya nyumba, iko na makelele, umuzoee.” Huyo ni miye. “Huyu njo binti. Huyu njo kadogo.” Kisha akageuka, akaangalia mulango ya nyuma: “Na mukubwa yabo, iko kule, mu migomba.”

Mukono yangu ilisimama juu ya chungu. Kwa sababu mufu haonyeshwake kwa kuku mupya. Aliye mufu alishatoka mu hesabu ya nyumba.

Siku tulimufungua kamba, hakuangalia mutama, hakuangalia kuku. Alipita nyuma ya jikoni, moja kwa moja, akaenda kusimama juu ya kaburi ya mutoto wangu. Akakwaruza udongo. Akainama, akaita: ku-ku-ku.

“Umesikia?” mama mukwe akanikamata mukono, vidole baridi. “Anamuamusha.”

Toka pale, kila asubuhi jogoo anaenda, na mama mukwe anamufuata na sahani. Anakaa chini ya mugomba, anakula, anaacha kidogo pembeni. Anakula! Viazi, maharagi, sombe ya majani ya muhogo, yote. Binti yangu naye akaanza kuita na ile sauti yake ya mayi mu kinywa, kwake “kuja” ni “uza”: “Kaka, uza! Kaka, uza ukule!” Na miye, wakati wa kufagia kiwanja, nilikuwa nasikia mutu mudogo anapita nyuma yangu. Nageuka, njo jogoo, amesimama na muguu moja, kichwa pembeni, vile mutoto wangu wa kwanza alikuwa anasimama akitaka kuomba kitu.

Katekista akasikia, akakuja, sauti ndefu kama ya misa: “Maaama, roho ya mukristo haiingiake mu ndeeege.”

“Papa katekista, kesho ukuje asubuhi, umuambie yeye mwenyewe,” mama mukwe akamujibu.

Hakukuja.

Kisha bwana yangu akarudi kutoka machimbo, na kikohozi na kilo ya chumvi. Alikuwa hajaona kaburi. Mama yake hakumuacha hata anawe miguu. Akamuvuta na mukono, anacheka, mabega yake yamejaa tena nyama: “Kuja uone vile mutoto wako anaitika.”

Jogoo alikuwa pale. Anakwaruza, anainama, anaita.

Bwana yangu hakuwa mubaya. Mujue vile. Alikuwa mutu wa kuchimba, na alikuwa anaangalia kaburi ya mutoto wake mara ya kwanza. Na sahani ya mama mukwe, ile ya jioni na zote zenye zilifuata, nilizirudisha jikoni zimejaa vile nilizipeleka, mupaka tulimulaza mu migomba, pembeni ya mujukuu wake. Siku ile bwana yangu alichuchumaa tu, akakamata udongo mu mukono, akaifungua mbele ya mama yake.

“Mama, udongo yenye imechimbuliwa inakuwaka na minyoo. Jogoo iko nakula minyoo.”