Sauti Yangu Kwenye Kaseti ya Mwalimu

Nimeishi miji mingi kuliko nilivyokusudia, na kila nilipohama niliacha kitu nyuma: sufuria, koti, hata watu. Mwalimu aliyefuta sauti yangu sijamwacha popote. Natembea naye.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, dizeli ikiwa ya shida. Shule yetu ya bweni ilikuwa Iringa, na wazazi wengi wa upande wa Mbeya walishindwa kufika siku ya wazazi. Mkuu wa shule akaamua ngonjera, kwaya na hotuba zirekodiwe mapema kwenye kaseti, kisha kaseti ipelekwe kwa basi ili wazazi wa huko waisikilize pamoja kwenye ukumbi mmoja Mwanjelwa, mjini Mbeya. Kazi akapewa mwalimu wa Kiswahili. Tulirekodia stoo ya magodoro, madirisha tumeyaziba kwa mablanketi, maana mvua ikipiga bati husikii kingine.

Mimi ndiye niliyefungua ngonjera. Mama alipanda lori la mpunga kutoka kwetu Rujewa kwenda kunisikia, pamoja na baba mkubwa. Tangu tuhamie Usangu na ng'ombe wetu kutoka kaskazini, baba mkubwa alishikilia kwamba masomo yangu ni hadithi za mama, nirudi machungani. Mama alitaka asikie kwa masikio yake.

Walisikiliza mpaka kaseti ikaisha. Sikuwemo. Mwalimu alikuwa amerekodi beti za mpwa wake juu ya zangu. Nilipomuuliza, alinijibu mbele ya darasa zima.

"Sauti yako inanuka zizi, bwana mdogo. Ningewasikilizisha nini watu wa mjini?"

Darasa likacheka. Mpwa wake alicheka kuliko wote.

Likizo nilimkuta mama hataki kuniangalia. "Baba yako mkubwa kaniuliza njia nzima," alisema. "'Shemeji, mtoto wako anasomea ububu?' Amesema kama mwakani husikiki, unarudi kwa ng'ombe."

Mwaka uliofuata sikupewa hata ubeti mmoja. Nilipewa kutunza redio kaseti: kuifuta vumbi, kuanika betri juani zikilegea. Mwalimu alikuwa anautaka umakamu mkuu wa shule, na ofisa elimu angekuwepo Mwanjelwa, kwa hiyo akajiandikia hotuba ndefu. Siku ya kurekodi, nilibonyeza kitufe chekundu cha kurekodi kabla hajakaa.

"Umewasha?"

"Bado, mwalimu."

Akacheka. "Na hawa wachunga ng'ombe wa Usangu watanielewa? Hata nikiwasomea orodha ya nguo za kufua watapiga makofi, mradi mashine inaongea. Haya, washa."

Nikagusa kitufe bila kukibonyeza. Sauti yake ikageuka asali: "Wazazi wapendwa..."

Alipomaliza alitaka tuirudishe tusikilize. Nikamkumbusha: "Betri, mwalimu." Mwenyewe ndiye aliyekataza kuzimaliza bure. Akaichukua kaseti, akaitia mfukoni, kesho yake akapanda nayo basi.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mama. Mwalimu aliiweka kaseti kwa mkono wake, akaketi kando ya ofisa elimu, mguu juu ya mguu. Kwanza likasikika swali lake, kisha sauti yangu. Mama akamkamata baba mkubwa mkono. "Huyo! Huyo ndiye!" Baba mkubwa akamwashiria anyamaze. Ndipo yakaja yale ya nguo za kufua.

Mwalimu aliruka kwenda kuizima. Baba mkubwa alikuwa amesimama na fimbo yake.

"Rudisha hapo hapo. Mimi mchunga ng'ombe, sikusikia vizuri."

Ukumbi mzima ukadai, na ofisa elimu akaamuru irudishwe.

Umakamu hakuupata. Kabla ya muhula kuisha alihamishwa. Mimi nilichapwa, nikasimamishwa wiki mbili, nikaambiwa nimwandikie barua ya kuomba radhi. Sikuiandika. Nimeshapita umri aliokuwa nao siku ile, na bado siiandiki.

Nikirudi nyumbani kwa adhabu hiyo, nilishuka basi Igawa. Baba mkubwa alikuwa ananisubiri kando ya barabara. Kabla ya siku hiyo hakuwahi kuja kunipokea. Alichukua sanduku langu, akaanza kutembea mbele yangu.

"Wiki mbili tu?" aliuliza.

"Mbili tu, baba mkubwa."

"Basi zikiisha nitakurudisha shuleni mwenyewe. Na huko wakikuuliza nani alikutuma kumrekodi mwalimu, usinitaje."