Wiki Moja Tu ya Kumwachisha Ziwa

Mama mkwe wangu anamtaka mtoto wangu wa mwisho. Naandika hivyo kwanza, nisije nikazungukazunguka. Hamtaki kwa kumbeba siku mbili akanirudishia. Anamtaka akakae kwake Kisarawe, alale kwake, akulie kwake, na sababu anayoitoa ni kwamba mimi nafundisha watoto wawili wakubwa nyumbani, kwa hiyo huyu mdogo sina muda naye.

Hao wakubwa sikuwatoa shule kwa kiburi. Wa kwanza ni wa kiume, ana miaka kumi. Alipokuwa darasa la tatu nilimwambia anisomee kitabu chake, akanisomea ukurasa mzima bila kukwama. Nikafunika picha kwa kiganja, nikamwambia aanze tena. Akaanza kuchungulia chini ya kiganja changu. Alikuwa amekariri kitabu kizima kwa kusikiliza wenzake, anaangalia picha anajua maneno gani yanafuata. Miaka mitatu na hakuna mwalimu aliyejua. Mdogo wake, wa kike, miaka minane, anajua kusoma, lakini alikuwa anakaa sakafuni nyuma kabisa, na nilipomuuliza mwalimu wake habari zake, aliniuliza kwanza ni yupi.

Nina kidato cha nne. Si kikubwa, lakini herufi nazijua. Nikamwendea mwalimu mkuu, nikamwambia nitawafundisha mwenyewe. Alitazama mlango kabla ya kunijibu.

"Majina yao yabaki hapa, mama. Mitihani waje wafanye. Ila wakifeli huu wa katikati ya muhula, wanarudi darasani, na mimi sikuwahi kukuambia chochote."

Basi sebule yetu hapa Kongowe, Kibaha, ikawa darasa. Mume wangu anaondoka alfajiri kwenda kuwahi basi pale Kwa Mathias, anafanya kazi Dar. Akishatoka, nasafisha meza, nachukua chaki, naandika nyuma ya mlango wa chumba, ambao niliupaka rangi nyeusi. Saa mbili mpaka saa sita. Masaa manne hayo kila siku, na mtoto wa mwaka mmoja na miezi kumi yuko katikati ya miguu yetu.

Nani alikwambia mtoto wa umri huo anachezeshwa na mifuniko ya sufuria? Nilimpa, tukaziba masikio. Nikampa ndoo yenye maji kidogo na kikombe. Akafurahi siku mbili, ya tatu akaamka anakohoa. Nikamwekea visoda, vile vizibo vya soda, kwenye chupa avitikise, akajifunza kuvitoa na kuvilamba. Nikampa penseli na daftari la zamani awe mwanafunzi kama wenzake, akala kifutio. Kilichofanya kazi kilikuwa kimoja tu, ziwa. Nilifundisha kuzidisha nikiwa na mtoto kifuani na chaki mkono wa kushoto.

"Mama," mkubwa akasema siku moja, "saba yako imelala chali."

Tulicheka wote. Zilikuwa asubuhi nzuri, nisiseme uongo.

Mama mkwe alianza kuja Alhamisi. Zamani alikuwa anakuja sikukuu. Anashuka kwenye bodaboda na kapu lake, mihogo, nazi, mchicha wa shambani kwake, ananiita mkwe wangu, anaitikia shikamoo yangu kwa sauti ya upole sana. Halafu anakaa kwenye kochi na kutazama. Hatazami ubao. Anamtazama mdogo.

"Mke mwenzangu huyu," anasema, ule utani wa bibi na mjukuu. "Njoo twende zetu kwa mume wetu. Babu yako kaniambia amenichoka, anataka kigoli."

Mtoto anacheka, na mimi nacheka kidogo, kwa meno tu.

Alhamisi ya tatu alifungua fundo la kanga, akatoa kipande cha shubiri, akakiweka juu ya meza, katikati ya madaftari.

"Paka, mkwe wangu. Mara mbili tu ataliogopa. Au nipe nimpeleke kwangu wiki moja, asione ziwa, asahau. Ndivyo nilivyowaachisha wote."

"Bado hajafika miaka miwili, mama."

"Unafundisha kifua wazi mbele ya mtoto wa kiume wa miaka kumi."

"Ni ziwa la mama yake."

"Sijasema kitu," akasema, akakunja kanga yake. Shubiri akaiacha palepale.

Niwaeleze kwa nini neno wiki linanitoa jasho. Mimi niliachishwa ziwa kwa bibi yangu, Mlandizi. Nilipelekwa kwa wiki mbili, nirudi nikishasahau. Mama akapata kazi, bibi akanizoea, mimi nikamzoea bibi, kila mtu akaona mambo yanakwenda. Nilirudi kwa mama nikiwa darasa la tano. Siku ya kwanza nilimwamkia kama mgeni, nikauliza choo kiko wapi. Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyeninyima chakula, bibi alinipenda kupita kiasi. Ndiyo maana huwezi kumlaumu mtu. Huibiwi. Unachelewa kurudishwa, basi, mpaka siku moja inaonekana ni ujinga kukurudisha.

Nilimwambia mume wangu yote haya. Akaniambia, "Si mama yangu huyo? Kwani anampeleka kwa majini?"

Kisha ikaja asubuhi ya maharage. Mtihani ulikuwa umebaki siku chache. Mkubwa alikuwa anasoma habari ngeni kabisa, isiyo na picha, kidole chini ya mstari, na anakwenda. Anasoma kweli! Nilikuwa nimeinama juu yake nafuata kidole chake. Mdogo nilimwekea bakuli la maharage na kopo, amimine huku na huku. Alikuwa kimya. Mimi nikauchukua ukimya ule kuwa ni raha.

Mama mkwe aliingia bila kupiga hodi. Haikuwa hata Alhamisi. Alinipita, akapiga magoti, akamkamata mtoto kichwa. Harage lilikuwa limezama puani, limeanza kuvimba, na mtoto anapumulia mdomo, macho yamemtoka. Bibi yake alimziba tundu la pili kwa kidole, akaweka mdomo wake juu ya mdomo wa mtoto, akapuliza mara moja kwa nguvu. Harage likaruka. Akaliokota, akalifuta kwenye kanga, akaliweka juu ya daftari la binti yangu lililokuwa wazi.

"Umeona?" akasema.

Hakunigombeza. Afadhali angenitukana. Alinywa chai, akaamkiwa na watoto, akaniuliza kama nina unga wa kutosha. Alipokuwa anatoka aliuliza kwa sauti ileile, "Kadi yake ya kliniki unaiweka wapi siku hizi?"

"Kabatini," nikamjibu. Niliulizwa na mtu mzima, nikajibu. Mpaka leo nikikumbuka najiuma ulimi.

Siku ya mtihani mume wangu aliomba ruhusa kazini abaki na mdogo. Nilimshukuru, nikamwona ameanza kunielewa. Nikawapeleka wakubwa shuleni, nikakaa chini ya dirisha la ofisi mpaka wamalize. Mkubwa alitoka anatabasamu. Akasema, "Mama, hakukuwa na picha hata moja, na nimejibu." Nilirudi nyumbani nakaribia kukimbia, ziwa limejaa, gauni limelowa mbele.

Mume wangu alikuwa amekaa peke yake kwenye kochi. Televisheni imezimwa. Hapo nikajua.

"Mama amepita," akasema. "Wiki moja tu. Amwachishe ziwa, wewe upumzike."

"Umempa?"

"Nimempa mama yangu mjukuu wake."

"Na kadi?"

Akatazama pembeni. "Ikitokea homa je? Na usianze kelele. Mama aliniambia habari za maharage. Wewe ulinificha."

Kuna maneno niliyomwambia siku hiyo ambayo sitayaandika, kwa sababu watoto wangu sasa wanajua kusoma. Nilitoka na wale wawili, bado wamevaa sare, tukapata bajaji pale barabarani. Dereva akauliza Kisarawe gani, mbali hivyo. Nikamwambia wewe endesha. Tulipita njia za ndani, vumbi tupu, na kila tuliposimama kusubiri lori lipite nilikuwa nasikia kifua kinauma kama jipu. Binti yangu alinishika mkono njia nzima. Hakuuliza tunakwenda wapi.

Tulipofika nilimwambia dereva asubiri, asiende hata kunywa maji.

Sasa nitaandika kitu kinachoniudhi kuliko vyote. Nilitegemea kumkuta mtoto analia. Nilimtaka alie, nisamehewe. Nikamkuta amekaa kwenye mkeka kwenye baraza, mbele yake ungo, anachambua mchicha. Anachuma jani, analiweka kwenye sufuria, bua analitupa chini. Jani, bua. Jani, bua. Alikuwa ametoa ulimi nje kwa kazi. Aliinua macho akaniona, akatabasamu, akarudi kwenye mchicha wake. Hakunikimbilia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu mkwe wangu. Mtihani umekwendaje?" Alikuwa anakuna nazi, hakuacha.

"Nimemfuata mwanangu."

"Ana nini? Tangu amefika hajalia. Unamwona? Mchicha wote ule ni yeye. Tutaupika tutaula. Wewe unampa visoda. Mtoto anajua anapodanganywa."

Alikuwa anasema kweli. Miezi yote ile nilikuwa namtafutia vitu vya kumnyamazisha, na huyu mama alimpa kazi ya kweli, ikaisha. Nilisimama pale nikiwa nimelowa maziwa, nikamchukia kwa kuwa na akili.

"Bajaji inasubiri, mama."

"Mwache mpaka Ijumaa ya wiki ijayo."

"Hapana."

"Ijumaa si mbali."

"Mimi nilipelekwa wiki mbili, nikakaa miaka tisa."

Akaacha kukuna. Akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, taratibu, kama anayetafuta kilichoharibika.

"Na ukafa?" akauliza.

Ni binti yangu aliyesema, yule ambaye shuleni hakuna aliyejua ni yupi.

"Bibi, mbona sisi hujawahi kutuchukua?"

Mama mkwe alicheka, kicheko cha upendo kabisa. "Nyie? Nyie mmeshakua, mke mwenzangu. Nyie mnakumbuka."

Nilimnyanyua mdogo kutoka kwenye mkeka. Alipiga kelele, akajipinda, akanyoosha mikono, na mikono ile haikunielekea mimi. Alikuwa anamlilia bibi yake, na mchicha umemjaa kwenye ngumi. Nikamwambia mama mkwe, "Na kadi." Akaitoa kibindoni, akanikabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Mtoto hajui kugombewa," akasema. "Anajua alipozoea tu."

Kwenye bajaji ilichukua mpaka nusu ya njia ndipo mdogo akakubali kunyonya.

Mkubwa wangu alifaulu. Si kwa alama za kujisifia, lakini alisoma maswali mwenyewe, na mwalimu mkuu amekaa kimya. Ziwa nimelimaliza mwenyewe, hapahapa, mwezi uliofuata, bila shubiri. Mdogo sasa ana kazi zake asubuhi: anachambua choroko nikiwa nimemkodolea macho, anakunja nguo, anafuta ubao kwa kitambaa kibichi kabla sijamaliza kuandika. Anafurahi. Somo linakwenda. Nilidhani sababu imekwisha.

Wiki iliyopita mama mkwe alikuja tukiwa kwenye somo. Hakutaja ziwa hata mara moja. Alifungua kapu, akatoa baibui jeupe dogo, lina mpira kichwani, la chuo cha Kurani.

"Kule kwetu kuna chuo kizuri," akasema. "Wanawachukua wakiwa wadogo, ndipo wanashika."

Mume wangu, ambaye siku hiyo alikuwa nyumbani, akasema chuo si kitu kibaya. Akasema akinitazama, na mimi nikaona wameshalizungumza.

Mama mkwe alimsimamisha mdogo, akamvika lile baibui, akalivuta mgongoni.

"Limemzidi kidogo," akasema. "Likimkaa, nitakuja."

Nilimwambia mkubwa asiache kusoma. Akaendelea, kidole chini ya mstari. Mdogo alinirudia, akaingia katikati ya magoti yangu, bado kavaa lile baibui, na chini ya meza nililishika pindo lake. Sikuliachia mpaka niliposikia pikipiki iliyombeba bibi yake inapandisha kuelekea barabarani.