Nusu Iliyorudi Kutoka Kabambare

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, hata nikisahau nimeiweka wapi fimbo yangu. Umeniomba nikufundishe mikate ya mahindi yenye jibini ndani, kwa sababu watu wa mchumba wako wanakuja Ijumaa. Nitakufundisha. Lakini mkate huu huupati kwangu bila kisa chake, maana mimi nilipewa vyote viwili, nikachukua mkate nikaacha kisa, na mpaka leo umenikaa kooni.

Tulikuwa tunakaa Kasongo, kabla ya vita vya Wazungu. Baba alikuwa mfanyabiashara, mtu wa kanzu nyeupe na bakora, na nyumbani kwake wali ndio uliokuwa chakula cha heshima. Mama yangu, Mwavita, alikuwa wa kabila la Wabangubangu, mwenyeji wa Kabambare. Baba akisafiri tu, mama aliuweka mchele kando na kuloweka mahindi. Tuliyangojea yale mahindi kuliko sikukuu. Baba alikuwa na ng'ombe wawili waliotembezwa kutoka upande wa Ujiji, na ng'ombe kwetu hawakai, mbung'o huwamaliza. Kwa hiyo maziwa yalikuwa machache, na jibini ilikuwa chache zaidi.

Sasa tazama mikono yangu, si uso wangu. Mahindi makavu yanalala kwenye maji, asubuhi yanachemshwa mpaka punje ibonyee kwa kidole. Usiyatwange kabla ya kuchemsha, donge litapasuka ukilikunja na jibini yote itamwagikia motoni. Yatwange yangali na joto, ukande kwa maji ya vuguvugu na chumvi. Maziwa uyapashe, uyakamulie ndimu, yakikatika uyamimine kwenye kitambaa, uning'inize, kisha uweke jiwe juu mpaka yakauke. Ile iliyobaki kwenye kitambaa ndiyo jibini. Finyanga donge, litoboe kwa kidole gumba, jaza jibini, funga, bonyeza liwe bapa. Kigae kiwe juu ya mafiga, kipakwe mawese kidogo tu. Mkate ukipata madoa ya kahawia pande zote mbili, usimamishe kando ya makaa uive taratibu. Mwisho gonga kwa ukucha. Mkate ulioshiba hunyamaza, na mtupu hulia. Mama aligonga kila mmoja kabla ya kuutoa jikoni, isipokuwa siku ile ninayokusimulia.

Mama alikuwa na dada mmoja tu, mkubwa wake, Mwamini, aliyebaki Kabambare. Bibi yangu, mama yao, alifariki wakati wa masika. Mito ilikuwa imejaa na baba hakumruhusu mama kusafiri. Alipofika, matanga yalikuwa yamekwisha. Mama mkubwa Mwamini alimpokea mlangoni kwa neno moja: "Umekuja kuzika nini?" Mama akageuza njia siku ileile. Tangu hapo hakukuwa na salamu kati yao. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Lakini hao wawili, majembe yote yalikwisha mpaka mpini wakingali hawasemezani, na mama alikuwa akikonda kwa ajili hiyo. Ukimtajia Kabambare, alikuwa akiinuka na kutafuta kazi ya kufanya.

Basi mwaka mmoja alisikia kwamba mpagazi wa baba, mzee Ramazani, anaondoka kwenda Kabambare. Mama akakusanya maziwa kidogo kidogo, akayafanya jibini, akachemsha mahindi. Akaniita nimsaidie kufinyanga. "Mukate hii ni ya kumutumia mukubwa wangu," aliniambia. "Akiikula, maneno imekwisha." Akaanza kunieleza jinsi bibi yangu alivyokuwa akiwapatanisha kwa mkate walipokuwa wadogo. Mimi nilikuwa nasema "eeh mama, eeh mama," na macho yangu yapo kwenye jibini. Kwa nini? Kwa sababu kesho yake shangazi za kijana aliyetaka kunioa walikuwa wanakuja kuniangalia. Nilikuwa nimeshajiona nikiwaandalia mikate yenye jibini, nao wakitazamana na kusema huyu ndiye.

Kabla kisa hakijafika mwisho, homa ikamkamata mama. Akajifunika nguo akatetemeka, akaniambia nimalizie. Nikamalizia vizuri sana, mwanangu, kwa ujanja wa mtoto anayedhani Mungu amekwenda sokoni. Jibini ya nusu ya kikapu nikaifungia pembeni kwa ajili ya wageni wangu. Mikate ya chini nikaifunga bila kitu ndani. Ya juu nikaijaza, ili atakayefunua kikapu akutane na mizuri kwanza. Nilijiambia, mkate umefungwa, nani ataona? Tena mtu mzima hagombani kwa sababu ya jibini.

Jambo moja nililijua na sikulifikiri. Kwetu chakula kikija, mwenye nyumba huita majirani, huwagawia wao kwanza, na yeye hula mwisho. Hilo nililijua tangu ninanyonya, kwa hiyo siwezi kusema sikufundishwa.

Shangazi za kijana walikuja, wakala, wakalamba vidole. Mmoja akasema mikono hii ni ya kuolewa. Nikaolewa kweli, na babu yako alikuwa mtu mwema, sina la kumlaumu. Ila kila nilipomwandalia mkate ule nilikuwa nakumbuka ulikotoka.

Ramazani alirudi siku nimekaa mlangoni nachambua mboga, mama yuko kisimani. Hakukaa, kwa sababu msafara ulikuwa unapitiliza kwenda Nyangwe, na huko ndiko alikobaki. Alinipa kikapu, akasema, "Mama yako mukubwa amesema umupatie mama yako mukononi." Nikafunua. Ndani mlikuwa na kifurushi cha jani la mgomba, na ndani ya jani nusu ya mkate. Nusu ya mkate mtupu. Ulikuwa umekauka, na pale katikati ambapo jibini ingekaa palikuwa na mwanya mweusi kama mdomo wa kibogoyo.

Niliona wazi kabisa, au nilidhani naona wazi. Mama mkubwa amewagawia majirani wakala jibini, yeye akabaki na mtupu, akauvunja mbele ya watu, na sasa anamrudishia mama ushahidi. Mama atauona, atajua ni mimi, na mahari bado haijazungumzwa. Nikaitupa ile nusu kwa kuku. Walikuja mbio, wakaimaliza, hata punje haikubaki. Mama aliporudi nikamkabidhi kikapu.

Unajua kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Hata kama huna kitu, utatia chumvi kidogo, au majani ya muhogo, au kipande cha kuni. Mama aliingiza mkono, akapapasa mpaka chini, akakigeuza, akapapasa tena.

"Ramazani hakusema neno?" aliniuliza.

"Hapana, mama."

Akakaa chini pale pale mlangoni na ndoo yake ya maji. "Basi," alisema. "Amekataa."

Hakulia mbele yangu. Alikitundika kikapu ukutani na hakukitia kitu tena. Tangu siku hiyo hakuchemsha tena mahindi. Baba aliposafiri tulikula wali kama watu wenye heshima, na ulikuwa mchungu mdomoni mwangu. Nilikuwa nasema moyoni, nitamwambia baada ya mahari. Baadaye nikasema, baada ya harusi. Baadaye nikasema, nikipata mtoto. Mwanangu, uongo una haya siku ya kwanza tu. Ukilala nao nyumbani unazoea, na unakuwa kama ndugu.

Kisha vile vita vya Wazungu vikavuka mto. Tulikimbilia mashambani na tulichoweza kubeba, na kule kwenye kibanda cha majani homa ya mama ilirudi na haikuondoka. Siku yake ya mwisho aliniita karibu. "Ukimuona mukubwa wangu," alisema, "umuambie nilimutumia mukate." Sikio lake lilikuwa hapa, na kinywa changu kilikuwa hapa. Ningeweza kusema. Hata kwa maneno matatu ningeweza kusema. Nilisema, "Ndiyo, mama." Akafumba macho akiamini dada yake alimkataa, na mimi niliyejua kwamba kikapu hakikurudi kitupu nilimshika mkono nikanyamaza.

Nchi ilipotulia, babu yako alipata safari ya biashara Kabambare. Nilimwomba anichukue. Nikachemsha mahindi, nikatafuta maziwa kwa shida, nikaijaza mikate yote mpaka inataka kupasuka, nikagonga mmoja mmoja kwa ukucha. Nilitaka kumwangukia mama mkubwa miguuni, anipige akitaka.

Nilikuta nyumba yake imeota majani. Jirani yake, mama mmoja mzee aliyeitwa Mama Sifa, alinikaribisha barazani akanipa maji. Akaniambia mama mkubwa alikwisha kufariki, mvua zilizopita. Nikamwambia mimi ni nani. Alinitazama sana, kisha akacheka kidogo.

"Ni wewe ulifinyanga ile mukate ya siku ile?"

"Ni mimi, mama. Alinihukumu?"

"Akuhukumu kwa nini? Sisi majirani tulikula ile ya jibini, tamu kabisa. Yeye akachukua ya mwisho, akaivunja, ndani hamuna kitu. Tuliona haya sisi wote. Yeye akaiangalia, akasema, 'Huu haiko mukono wa mudogo wangu, huu ni mukono wa mutoto. Maziwa imewaishia kule Kasongo, na bado amenikumbuka.' Akakula nusu vilevile, kavu, machozi inashuka. Nusu ingine akaifunga kwa jani."

Nikamuuliza kwa nini aliifunga.

"Mama yao alikuwa anawafanyia vile tangu watoto. Wakigombana, anavunja mukate mumoja, huyu nusu, huyu nusu. Wote wawili wakimeza, hakuna mutu wa kufufua yale maneno. Yeye alimeza yake. Akatuma ya mudogo wake." Akaniwekea mkono gotini. "Kila wapagazi wa Kasongo walipopita, alikuwa anatoka mpaka barabarani na fimbo yake. Alikuwa anauliza neno moja tu: 'Mudogo wangu alikula?' Hakuna mutu alijua. Sasa wewe umekuja. Alikula?"

Hicho ndicho kisa mama alichoanza kunieleza siku ile ya kufinyanga, na mimi nikajibu eeh.

Nilimwambia Mama Sifa ukweli. Ilikuwa mara ya kwanza kuusema, na niliusema kwa mtu ambaye haukumhusu. Nilisema, "Kuku waliikula." Yule mama aliondoa mkono wake gotini mwangu. Hakunitukana. Alisema tu, "Basi walikufa wote wawili wakingojeana." Akaingia ndani, na mikate yangu iliyojaa jibini ikabaki barazani pale nilipoiweka.

Majuto ni mjukuu, mwanangu, na mimi wajukuu wangu wote nimewaona. Nimejifunza kufinyanga vizuri. Watu wanatoka mbali kuja kula kwangu. Lakini umeniona siku zote nikianza na mkate mmoja mdogo bila jibini, nawe ulikuwa ukinicheka, ukidhani uzee umeniingia. Nauvunja, nakula nusu, na nusu naiweka kando ya mafiga mpaka moto uzime. Siwapi kuku.

Nasaha yangu ni fupi kuliko kisa. Kosa la kwanza la mtoto mara nyingi ni dogo na lina msamaha unaoletwa mpaka mlangoni. Langu lile la jibini lilikuwa limeshasamehewa kabla Ramazani hajafunga mzigo wake. Kilichoniangamiza ni kuficha. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi kifo hakikuniumbua mimi, kiliwachukua wengine kwanza. Kwa hiyo ukikosea, sema siku ileile, na jikoni kungali na moshi. Ukipewa kitu cha mtu, kifikishe kama kilivyo, hata kama unadhani kinakushtaki, maana hujui kimebeba nini. Na mtu mzima akisimulia huku anakanda unga, sikiliza. Jibini itakungoja.

Sasa nawa mikono tuanze. Mungu aijaze mikate yako na nyumba yako. Akupe ndugu wa kugombana nao na kupatana nao kabla jua halijazama. Akuepushe na kikapu cha mtu kitakachokaa ukutani mwako bila kujibiwa. Na watu wa mchumba wako wakija Ijumaa, wape mikate iliyojaa. Mimi niletee nusu ya mtupu, na unipe mkononi.