Siku Mbili Zinazofuatana

Jirani yetu wa mtaa wa Kapata alivunja kwanza meno mawili ya mdogo wangu, dereva mwenzake, kisha akaja kuvunja dirisha la biro yangu, ofisi ya mishahara. Yote asubuhi moja, siku ya mshahara, kabla ya saa nne. Meno aliyavunja kwa ngumi, kwenye maegesho ya kamyo, malori ya kampuni. Dirisha alilivunja kwa spana ya magurudumu, na vioo vikaniingia kwenye nywele. Nami si mtu wa kujificha chini ya meza. Nilikamata kilichokuwa karibu, ile mashine nzito ya kubania karatasi, nikamtupia. Ilimpata juu ya jicho, damu ikamshuka mpaka kidevuni.

“Shenzi weye! Unanizoea?”

“Feza yangu iko wapi, mama? Weye njo ulitia ile mambo mu mashini! Nilitumika siku makumi mbili na mbili, sikupumuzika hata moja! Bibi yangu balimupasula, sasa banamufunga ku hospitali, ku maternite, na mutoto, banasema hatatoka mpaka nilipe. Feza yangu iko wapi?”

Ndiyo, mi ndiye niliyetia.

Kampuni yetu ni ndogo, hapa Kolwezi, inabeba mawe ya shaba na kobalti kutoka mashimo ya mgodi, upande wa Mashamba. Madereva wanafanya kazi siku sita, wanapumzika siku mbili zinazofuatana. Zamani, madereva wakipungua, shefu wa kamyo alikuwa anamwita mtu arudi kazini kwenye pumziko lake, na asante yake ilikuwa soda. Madereva wakagoma. Baada ya matusi mengi na matairi kuchomwa getini, karatasi ikasainiwa: atakayekosa siku zote mbili atalipwa saa za ziada, na siku ya pili mara mbili. Mi nikapewa kazi ya kuifundisha programu ya mishahara. Ilinichukua siku tatu. Niliiambia: angalia kadi ya mtu getini. Kama imepita siku zote mbili za pumziko, zikifuatana, lipa. Kama haikupita, huyo alikuwa nyumbani kwake. Niliijaribu kwa kadi yangu mwenyewe, ikahesabu vizuri, nikajipigia makofi peke yangu mule biro. Mjinga mimi!

Kwa sababu habari ya kuazimana kadi nilikuwa naijua. Kampuni inatoa ruhusa ya msiba kwa baba, mama, mke na mtoto. Wengine haiwatambui. Sasa kwetu nani ataacha kuketi kwenye kilio cha mjomba wake, watu wamwonaje? Madereva walikuwa na dawa yao. Mwenye kilio anampa kadi yake mwenzake aliye kwenye pumziko, yule anaingia nayo getini na kumwendeshea kamyo. Leo kwako, kesho kwangu. Hakuna aliyelipa, hakuna aliyedai. Walinzi waligeuza macho, kwani na wao wana wajomba.

Alipokufa mama mdogo, yule aliyetulea tangu tukiwa wadogo, shefu wa personeli alimwambia mdogo wangu kwamba mama mdogo si mama. Siku ile nilitamani kuichoma ile biro na yeye ndani. Jirani ndiye aliyenyoosha mkono. “Lete kadi,” alimwambia mdogo wangu, “enda ulilie mama yako.” Akaendesha siku zake mbili za pumziko. Pumziko lililofuata, tulipoondoa matanga, akaendesha tena. Mi nilikuwa nimekaa chini na wamama wengine, tukilia kwa lugha ya kwetu Kasai, na nilijua kabisa nani yuko kwenye usukani.

Nilipofunga hesabu ya mwezi niliuona mstari wake. Amepumzika, amepumzika, amepumzika, amepumzika. Nikauruka. Nilijiambia hayo ni mambo ya kilio, hayaingii kwenye mashini, na yeye mwenyewe hatadai. Sikujua kwamba mke wake amejifungua kwa kupasuliwa.

Ile asubuhi alifungua karatasi yake ya mshahara, hakuna cha ziada. Akafikiri pesa imeangukia kwa mdogo wangu, mwenye kadi. Mdogo wangu akamwonyesha ya kwake: nayo hakuna cha ziada, maana kwa kadi yake zile zilikuwa siku za kazi za kawaida. Jirani akaona anachezewa. Ndipo ngumi.

Walinzi wanne waliingia biro wakamshukia kwa fimbo, za mgongo, za magoti, mpaka akaachia spana. Shefu wa personeli alikuja nyuma yao polepole, mtu asiyepaza sauti. Alimgeuzia jirani kioo cha kompyuta yangu.

“Hizi siku ine. Ulitumika ao ulipumuzika? Jibu moja.”

Akisema alifanya kazi, basi aliingia kwa kadi ya mwingine, na wote wawili wanafukuzwa, yeye na mdogo wangu. Akisema alipumzika, hana cha kudai, na dirisha peke yake linatosha kumfukuza. Jirani aliniangalia. Hakuwa na hasira tena, alikuwa ananingojea nimsemee. Na kulikuwa na kitu cha kusema! Ningeweza kusema shefu wa kamyo alimwita kazini na mi ndiye niliyeingiza siku zake vibaya, kosa ni langu. Ningepoteza kazi yangu, basi. Mdomo wangu, huu unaotukana watu wazima barabarani, haukufunguka.

“Nilipumuzika,” alisema jirani, na damu kwenye meno.

Shefu aliniambia niandike hivyo. Niliandika. Wakamkokota nje kwa mkanda wa suruali, na mlinzi mmoja akampiga teke mlangoni, mtu ambaye hata hakuwa anapigana. Huyo mlinzi nilimtukana mpaka ukoo wake. Hapo sauti niliipata.

Saa ya kula nilipanda pikipiki mpaka maternite, wodi ya wazazi, nikalipa deni lote kwa mshahara wangu. Mke wake alinishika mikono miwili akaniombea baraka za Mungu, kisha akanipakatia mtoto. Nilimrudishia mtoto haraka, nikatoka karibu kukimbia. Sijawahi kujichukia vile.

Nyumbani nilimkuta mdogo wangu anasukutua mdomo kwa maji ya chumvi, uso umevimba.

“Yaya, dada yangu, alisema nini mbele ya shefu?”

“Alisema alipumzika.”

Akatema maji.

“Na weye ulisema nini?”

“Nimelipa deni la maternite. Lote.”

“Sikukuuliza deni. Ulisema nini?”

“Sikusema kitu.”

Alinipiga kofi. Mdogo wangu, niliyembeba mgongoni, alinipiga kofi hadi nikaona giza, na sikumrudishia. Kisha akaanza kuvaa viatu ili aende kwa shefu kusema mwenyewe habari ya kadi. Nilimkamata shati kwa mikono miwili. Nilimlilia, nikamwambia atatuua kwa njaa, atakuwa mpumbavu wa mwisho wa Kolwezi. Akanipiga tena. Sikuachia. Shati likachanika toka bega mpaka kiunoni, akaenda nalo hivyo hivyo.