Udongo Kwenye Mkoba wa Mwalimu Luciana

Mwalimu Luciana alifundisha Biolojia katika sekondari moja upande wa Unyambwa, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumkuta hajajiandaa. Alikuwa na mimba ya pili, na mimba ile ilimletea hamu iliyomshinda: udongo wa kula. Aliununua sokoni mjini akisingizia kwamba ametumwa na mdogo wake, akaufunga kwenye kitambaa na kuusukuma chini kabisa ya mkoba. Walimu wenzake wakinywa chai, yeye alijifungia chooni akautafuna taratibu, asisikike. Vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki vilimtia kichefuchefu, akavificha nyuma ya mabakuli kabatini. Mumewe, Filipo, alipouliza, alimjibu kwamba anameza.

Kibaya zaidi ni kwamba alijua. Chuo kikuu alisoma namna seli inavyotunza madini ya chuma, na asubuhi moja akawa anawafundisha kidato cha sita jambo hilohilo.

"Seli haisomi kila ujumbe unaotoka kwenye jeni," alisema, akichora mstari mrefu ubaoni. "Hii ni RNA mjumbe, yenye maagizo ya kutengeneza protini ya kuhifadhi chuma. Chuma kikipungua, protini nyingine inakuja kukaa hapa kichwani. Ujumbe upo, ila hausomwi. Ghala la nini, wakati hakuna cha kuweka?"

Darasa likacheka. Akachora mstari wa pili.

"Huu una maagizo ya mlango wa kuingizia chuma ndani ya seli. Hapa protini ileile inashika mkiani, inauzuia ujumbe usikatwekatwe. Unadumu, unasomwa tena na tena, milango inaongezeka. Chuma kikirudi, protini inaachia. Ujumbe wa ghala unasomwa, wa mlango unakatwa na kupotea."

Anifa, binti wa muuza nguo wa mjini, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo mtu akipungukiwa chuma, seli zake zinahangaika hata kama mwenyewe hajali?"

Hakuuliza kwa ubaya. Luciana alitaka kujibu, ubao ukaanza kuzunguka. Alishika meza, mkoba ukaanguka, naye akafuata.

Alipofumbua macho, wasichana walikuwa wakimpepea kwa madaftari. Vipande vya udongo vilitapakaa sakafuni, kimoja kikiwa na alama za meno.

"Chaki hizo?" mvulana mmoja aliuliza.

"Chaki gani? Mwalimu anakula udongo!" mwenzake akaangua kicheko.

Anifa alipiga magoti, akaokota vyote, akavirudisha mkobani na kufunga zipu. Luciana akafumba macho tena, ingawa kizunguzungu kilikuwa kimekwisha.

Bajaji ikawapeleka zahanati, Anifa akiwa amepakata mkoba. Muuguzi Rahabu alimvuta Luciana kope la chini, akatazama, akatikisa kichwa.

"Vidonge vya damu unameza, mwalimu?"

"Nameza."

"Na udongo, unakula?"

"Hapana."

Anifa aligeuza uso akatazama dirishani, kana kwamba kule nje kwenye vumbi kulikuwa na kitu cha kuona. Luciana alihisi uso unawaka. Mwanafunzi wake alikuwa anamsitiria uongo.

"Nimekudanganya, nesi," alisema kwa sauti ya chini. "Sijameza hata kimoja. Udongo ninakula kila siku."

Rahabu hakumgombeza. "Udongo unazuia mwili usipate chuma cha kwenye chakula. Ila haya unayajua kuliko mimi," alisema, akamwandikia kipimo cha damu. Afadhali angemgombeza.

Vidonge alianza kumeza baada ya chakula cha jioni, Filipo akiwa ameketi mbele yake. Udongo aliuacha kwa shida, akaurudia, akalia, akauacha tena. Mtoto wao, Joshua, alizaliwa salama, mdogo wa umbo lakini mwenye sauti kubwa.

Darasani alirudi siku chache baada ya kuanguka, akamalizia somo lile akiutazama ubao muda wote. Waliocheka, Anifa aliwanyamazisha, wala hakumtaja kwa mtu. Wema ule ulimwelemea Luciana kuliko kicheko.

Mtihani wa mwisho ulipokwisha, Anifa alikuja kuaga.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Luciana alikuwa amepanga kumshukuru. Akajikuta anauliza kama maswali ya Biolojia yalikuwa magumu.

"Ya kawaida tu, mwalimu," Anifa alisema, akatabasamu, akaenda zake. Luciana akabaki mlangoni, shukrani zikiwa bado mdomoni.