Siku Nne za Kumzika Mjomba Luhende

Cheka tu, aibu ya jambo hili nimeibeba mpaka nimeizoea, ila ukimaliza kucheka uniambie ungekuwa wewe ungefanyaje, maana kila ninayemsimulia ananiambia "si ungesema tu unaumwa", utadhani kusema unaumwa pale kazini kwetu ni jambo la bure.

Niko Geita, mtaa wa Kalangalala, nauza kwenye duka la vifaa vya wachimbaji, pampu, mipira ya maji, kamba, kofia ngumu na mabuti. Wakati huo nilikuwa kwenye miezi ya majaribio, zimebaki wiki tatu nipewe mkataba wa kweli (mama yangu alishawatangazia majirani wote kule Kishapu), na bosi alituambia tangu siku ya kwanza kwamba aliye kwenye majaribio akiumwa, siku hiyo haina malipo, na akiumwa mara mbili akatafute kazi kwingine. Lakini msiba aliuruhusu. Siku nne, tena kwa malipo! Bosi ni mtu wa dini, na huku kwetu hata mtu awe na roho ngumu vipi hamzuii mwenzake kwenda kuzika.

Basi Jumatatu naamka, macho hayafunguki. Matongotongo yamegandisha kope, nikaosha kwa maji ya uvuguvugu, kujitazama kwenye kioo, mekundu hayo. Ugonjwa wa macho ulikuwa unazunguka mtaani wiki ile, wala sikuwa na shaka ni huo, ila tangu utoto tumeambiwa unaambukiza kwa kutazamana, kwa hiyo nikajiambia nikivaa miwani nyeusi simdhuru mtu. Nikavaa, nikaenda kazini, na kila dakika kidole kiko chini ya miwani kinakuna.

Wa kwanza kuniona alikuwa Mama Neema, yule anayepokea malipo. Akachungulia pembeni ya miwani, akaona jicho limeiva na machozi yanachuruzika, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimefiwa.

Hapo ndipo nilipojiharibia. Lilitakiwa neno moja, hapana. Mimi nikavuta kamasi, nikainamisha kichwa, na alipouliza ni nani, jina lililonitoka mdomoni ni la mjomba Luhende, kaka yake mama, mzima wa afya, ambaye saa ile bila shaka alikuwa kwenye pamba yake anapalilia.

Jamani, sikujua kama napendwa hivyo. Wenzangu wote saba wakaja mmoja mmoja kunipa mkono wa pole, na mkono wa pole si wa kugusa na kuachia, unashikwa, unatikiswa, unashikwa tena, na mkono wenyewe ndio huo uliotoka jichoni sasa hivi. Wateja nao wakanipa mkono. Bosi akatoka ofisini, akatuweka kwenye duara tumeshikana mikono, akamwombea mjomba pumziko la milele (maombi marefu, nami najikuna jicho kwa bega), kisha akanipa siku zangu nne. Nikaenda zangu chumbani, mitaa miwili tu kutoka dukani, nikazima simu nisije nikapigiwa nikaulizwa mazishi ni saa ngapi, nikalala.

Jumatano bosi, kwa huo wema wake, akataka kutuma watu Kishapu wakahani. Ananitafuta, sipatikani. Akafungua fomu yangu ya kazi, akaona namba ya mama, akapiga. Mama yuko shambani, mtandao wa kule unakuja na kuondoka, akasikia mwanaume anajitambulisha kuwa ni bosi wake Shija, anampa pole ya msiba, anasema Shija, kijana mzuri sana, hapo hapo ikakatika. Shija ni mimi. Mama akanipigia, simu imezimwa, akapiga tena na tena mpaka chaji ikaisha, na kufika jioni nyumbani kwetu watu wamejaa uani na turubai limeshaazimwa.

Alhamisi mchana natoka kwenda duka la dawa, naona umati mbele ya duka letu, halafu nasikia kilio ninachokijua. Mama yangu amekaa chini kwenye vumbi, khanga imemdondoka, anaita ng'wana wane, ng'wana wane, mwanangu, na pembeni yake amesimama mjomba Luhende. Walisafiri tangu alfajiri kufuata mwili. Na dukani wamekuta nini? Watu wanane, bosi akiwemo, macho yamevimba, mekundu, kila mmoja na leso yake. Ungetaka ushahidi gani mwingine? Mama akawauliza mwili uko wapi, Mama Neema akashangaa, akasema si mko nao huko Kishapu, na alipotaja jina la marehemu, mjomba akavua kofia.

"Luhende ni mimi," akasema.

Nikavua miwani, nikapita katikati ya watu. Mama hakunipiga. Alinishika uso kwa mikono yote miwili, akanipapasa masikio, shingo, mabega, na mimi nilitamani sana anipige.

Bosi, huku anajifuta macho, akaniuliza kwa nini sikusema naumwa. Nikamkumbusha maneno yake ya siku ya kwanza. Akaanza kufoka kwamba utaratibu ni utaratibu na uongo ni uongo (kwenye uongo nilikubaliana naye), ndipo mama akamuuliza, kwa adabu zote, "Samahani, baba. Mwanangu ana siku za kuzika wenzake, za kujiuguza hana?"

Bosi akaingia ofisini kuchukua funguo. Duka likafungwa siku tano, maana hakuna aliyeweza hata kusoma risiti, wenye mikataba wakapumzika na mshahara wao kamili, na mimi nikakatwa zile siku nne na kuongezewa miezi mitatu ya majaribio. Nilidhani angalau atabadilisha lile neno lake la wagonjwa. Alichobadilisha ni la msiba, siku hizi anayefiwa lazima alete barua ya mtendaji wa kijiji! Mimi nimeapa, nikiumwa nitasema naumwa, wakate wanachokata.

Mjomba nikimwamkia shikamoo ananiambia marehemu haitikii, na anacheka. Mama hacheki. Siku hizi ananipigia asubuhi na jioni, hana habari wala shida yoyote, nikipokea anasikiliza tu ninavyosema haloo, halafu anakata.