Bia ya Ngano Isiyotemwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa bilauri, kitambaa cheupe na ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Bilauri na kitambaa nilivielewa. Nilipouliza ndoo ni ya nini, Meneja Uzalishaji, bwana mrefu mwenye uso mkavu aliyehamia Songea kutoka mikoa ya kaskazini, alinitazama kana kwamba nimeuliza mlango ni wa nini.

"Bi Haule," alisema, "hapa hulipwi kwa kunywa. Unalipwa kwa kutema."

Nyinyi mnaoingia kwenye kazi hii sasa na vyeti vyenu mtacheka. Lakini kiwanda chetu kilikuwa kidogo, majengo mawili ya matofali ya kuchoma pembezoni mwa mji, na mwonjaji aliyenitangulia alikuwa anameza. Mchana mmoja alikutwa amelala fofofo juu ya machicha, yale makapi ya nafaka yanayobaki bia ikishachujwa. Meneja akamfukuza, akaweka sheria yake ya ndoo. Miaka ilipita ndipo nikasikia kwamba kwingine waonjaji wa bia humeza, kwa sababu uchungu wa kinywaji unajulikana nyuma kabisa ya ulimi. Kwetu hilo halikuwa na nafasi. Unatazama rangi na povu, unanusa, unazungusha mdomoni, unatema, unasema ulichokipata.

Kazi ilinifuata mpaka nyumbani. Sikutakiwa kula kitunguu kibichi, pilipili wala dagaa asubuhi, na mafuta ya kujipaka yenye manukato yalikuwa mwiko. Mume wangu alilalamika kwamba ameoa mke, si mgonjwa wa hospitali. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa kiongozi wa jumuiya kanisani, na hakuwahi kuwaambia wenzake kwamba bintiye analipwa kuonja pombe. Akiulizwa alijibu kwamba nipo kiwandani, kisha anaanzisha wimbo.

Nilipelekwa kwanza chumba cha kimea, chini ya Msimamizi wa Kimea. Kimea ni nafaka iliyolowekwa, ikaachwa ichipue, kisha ikakaushwa. Humo ndimo sukari ya bia inamotoka. Msimamizi alinifundisha kung'ata punje na kusikiliza mlio wake. Kutoka hapo nikapelekwa ghala la Ruhuwiko, ambako Mkuu wa Ghala alinifungulia chupa zilizopigwa na jua ili nijue harufu ya bia iliyoharibika. Inanuka sufuria ya kabichi iliyolala. Niliporudi kiwandani niliitwa Mwonjaji Mkuu, ingawa mwonjaji nilikuwa peke yangu.

Basi tukafika mwaka mgumu. Bia zetu zilikuwa kali, na za viwanda vikubwa zilikuwa zimejaa kila baa. Mkurugenzi, mama mmoja mnyofu asiyezungusha maneno, alituita sote uani akasema kwamba tusipopata kinywaji kipya kabla ya msimu wa mavuno kwisha, anafunga milango. Nilitazama wenzangu. Wengi walikuwa na watoto shuleni, nami nilikuwa nao.

Aliyeleta fununu alikuwa Mkemia wetu, kijana mpole aliyezoea kununua ngano Madaba. Alisema kuna mama kule, Mama Gama, anayepika pombe ya ngano kwa ajili ya siku za kulimiana, pale majirani wanapokusanyika kulima shamba la mmoja wao. Pombe ya siku hiyo sharti iwe nyepesi. Ikiwa kali, watu hawarudi shambani baada ya kuinywa. Mkurugenzi akasikia hilo akapiga meza. Walimu, mafundi, watu wa ofisini, wote hao wangependa kitu cha kunywa mchana kisichowaangusha.

Tukaenda watatu: Meneja, Mkemia na mimi. Mama Gama alitupokea vizuri, akatuonyesha kila kitu. Ngano inalowekwa, inafunikwa kwa majani ya mgomba mpaka inaota, inaanikwa, inasagwa bila kulainishwa sana. Inapikwa uji, inapoa, inachujwa kwa kikapu. Kisha anatia mashapo ya pombe iliyotangulia, ambayo alirithi kwa mama mkwe wake, na humo ndimo chachu ilimo. Huwapa watu ikiwa changa, povu likiwa bado dogo.

Halafu akachota kwenye kibuyu. Kwetu mwenye pombe huanza yeye kunywa mbele ya mgeni, ili mgeni aone kwamba kinywaji ni salama, kisha humpa kwa mikono miwili. Mama Gama akanywa, akampa Meneja kwa kuwa ndiye mkubwa. Meneja akapiga funda, akalizungusha mdomoni, akainama akatema kwenye ndoo aliyokuja nayo garini.

Wajukuu waliokuwa wakicheza uwanjani wakageuka kutazama. Nilitamani ardhi inimeze. Mama Gama alichukua kibuyu chake akakifunika.

"Baba, mimi nimeinywa hapa ukiniona," alisema. "Wewe umeitema mbele ya wajukuu zangu. Umewaambia mimi ni nani?"

Meneja akaanza kueleza utaratibu wa kitaalamu. Mama Gama akamwambia kwa upole kwamba barabara ya Songea iko kulekule alikotokea.

Tukarudi Songea. Mimi nilikuwa nimefura kwa hasira. Jumamosi iliyofuata nilipanda basi peke yangu, bila ndoo, bila kuaga mtu. Nilimkuta Mama Gama anaanika kimea. Nikampigia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, nami nikainama nikasaidia kutandaza. Tulianika mpaka jua likawa kali. Ndipo akachota, akanywa, akanipa.

Nikameza. Kwa mara ya kwanza tangu nianze ile kazi, kinywaji kilipita chote. Nilikuta ngano tamu, moshi kidogo wa kuni, na uchachu unaoanza tu, na mwisho kabisa nyuma ya ulimi kulikuwa na uchungu mzuri ambao ndoo ilikuwa inaninyima miaka yote. Nikamweleza hivyohivyo. Akacheka kwa mara ya kwanza, akasema wanywaji wake huwa wanasema tu imekolea au haijakolea.

Akanieleza na shida yake. Siku za joto pombe humtoroka, inakuwa kali kabla hajajua, na mwaka uliopita wakulima walilala kwenye matuta. Nikamwambia kwamba Mkemia wetu ana vipimo vya kumsaidia kujua ni wakati gani wa kuisimamisha. Alifikiri kidogo. Akasema atatufundisha na mashapo atatupa, ila pombe yake isitemwe na mtu yeyote, na yule baba mrefu aje mwenyewe anywe.

Nilipompelekea Meneja ujumbe huo alifunga mlango wa ofisi. Nilidhani napata barua ya kufukuzwa. Aliketi akaigeuzageuza kalamu.

"Bi Haule, mimi sijawahi kumeza pombe maishani mwangu," alisema. "Baba yangu alimalizwa nayo. Niliichukua kazi hii kwa sababu ndiyo niliyoipata, nikasema nitaifanya bila kuiruhusu ipite kooni."

Hasira yangu yote ikaisha palepale. Nilimwambia asijilazimishe, tutatafuta njia nyingine. Akasema nyingine haipo, na watu wale wote uani yeye ndiye aliyewaajiri.

Tuliporudi Madaba ilikuwa siku ya kulimiana. Watu walikuwa wamekaa kivulini, majembe yameegemezwa ukutani. Meneja aliomba radhi kwanza, waziwazi, mbele ya wajukuu. Mama Gama akanywa, akampa kibuyu kwa mikono miwili. Meneja akakipokea. Akakitazama, kisha akamgeukia Mama Gama.

"Mama," aliuliza, "itanifanya nini?"

"Itakufanya ushike jembe."

Akanywa. Alimeza, akangoja, kama mtu anayesikiliza hatua za mtu nje ya nyumba. Kisha akavua koti, akanikabidhi, akaenda shambani na wenzake. Alilima vibaya sana, matuta yake yalikwenda upande, na watoto walimcheka mpaka jioni. Alirudi na miguu imara na macho makavu, akaomba kidogo tena.

Bia ile mnaijua, mmeiona kwenye maduka ya Songea. Kiwanda hakikufungwa. Mama Gama alikuja kila msimu kuwafundisha wapishi wetu, Mkemia akamtengenezea kipimo chake cha siku za joto, na wakulima wa Madaba wakapata pa kupeleka ngano. Ndoo niliichukua siku niliyostaafu, maana hakuna aliyeihitaji tena. Naotesha mchicha ndani yake hapa Ruhuwiko, na unastawi.

Mwonjaji wa sasa ni mjukuu wa Mama Gama, mmoja wa wale waliokuwa uwanjani siku ile. Bibi yake alituacha mwaka jana, lakini mashapo yake bado yanafanya kazi. Kila wanapopika pipa jipya huniletea chupa. Ananipigia shikamoo, anafungua, anakunywa yeye kwanza nikimwona, kisha ananipa kwa mikono miwili. Ananiuliza imekuwaje. Huwa simjibu mapema. Namwacha anisubiri, mpaka imepita yote.